Ua Nilioupanda Ndani ya Mpaka

Jirani yetu alipomaliza ghorofa yake, alianza kwa kupanga viti kwenye balkoni. Nyumba zote za upande wetu wa Nyakasanza ni za chini, na hiyo yake ilisimama peke yake, uso wake wote umegeukia kwetu. Angeweza kuielekeza barabarani. Lakini barabarani kuna vumbi, na kwetu kulikuwa na mama yangu wa kutazamwa.

Mama alikuwa amepigwa na kiharusi. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kuume ukawa mzigo, na mate yalimtoka bila yeye kujua. Huyu ni mwanamke ambaye hakuwahi kutoka hata kununua chumvi bila kufunga kitambaa chake sawasawa. Dawa pekee aliyoikubali ilikuwa jua la asubuhi. Alikaa karibu na jiko la nje, akichambua maharagwe kwa mkono mmoja, akinigombeza kwa mdomo uliobaki.

Viti vilipopangwa kule juu, watoto wa jirani wakapata sinema. Siku moja mmoja wao alipindisha mdomo wake kama wa mama, wenzake wakacheka. Mama yao alikuwa pale pale. Naye alicheka, akiziba mdomo kwa kiganja, mtu mwenye adabu zake.

"Unirudishe mu nyumba," mama akaniambia.

Akakaa ndani, pazia limeshushwa, na kila wiki niliona anazidi kunyauka. Nilichotaka kilikuwa kidogo tu: mama aote jua bila kuonwa. Ukuta wa matofali haukuwa wa watu kama sisi, kwa hiyo nikaanza kutafuta miti.

Hapo ndipo nilipojua kwamba Bunia nzima ni mabwana shamba. Mmoja aliniambia nipande sipre, mti wa wamisionari, mzuri, mnyoofu, utakaofika kimo cha balkoni mama akiwa amekwisha kuoza. Mwingine alisifu mianzi, mwingine akaapa kwamba mianzi huita nyoka. Matete yangefaa, yanaota haraka, na mama aliyapenda kwa sababu kwao ng'ombe waliyala. Shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu, akakataa: matete yanaficha wezi, na mji huu umeshaona mengi. Nikaleta vipande vya ule mti wa majani marefu ambao kwetu hupandwa kwenye mipaka na kwenye makaburi. Mama aliviona kupitia dirisha.

"Niko bado nakula ugali, na weye unanipandia miti ya kaburi?"

Nikavitupa. Nilicheka, na yeye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Mwishowe nikachagua alizeti ya porini, ile yenye maua ya manjano na majani machungu, inayojiotea yenyewe kando ya barabara zote za Ituri. Unakata fimbo, unaichomeka, mvua inafanya kazi. Ina tabia ya kuinama na kumwaga majani ovyo, na sikutaka mtu aseme nimemchafulia kwake. Kwa hiyo sikuichomeka kwenye mpaka wenyewe, ambao nguzo zake za zamani zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nilirudi ndani kwetu hatua mbili hivi, nikaacha njia ya kupita na panga la kupogolea. Nilijiona mtu mstaarabu sana.

Msimu wa mvua haujaisha, fimbo zilikuwa zimenipita kichwa. Nikasogeza kiti cha mama hadi kikagusa majani, mahali ambapo jicho la balkoni halikufika, na mama akatoka. Aliota jua. Alichambua maharagwe, akaniambia nimepika mboga ikaungua, akasinzia mdomo wazi, na hakuna aliyemcheka. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha, kiangazi kilipoingia, jirani akataka mahali pa kuegesha gari. Akaja na shefu na wazee wawili wa avenyu, akasimama kwenye kile kijia changu cha kupogolea.

"Mupaka iko hapa, kwa miti," alisema.

"Mupaka iko nyuma yako. Miye nilirudia ndani ili nisikusumbue."

Wazee walitazamana. Kwetu, vigingi vikipotea, ua uliopandwa ndio unaosema, na aliyeupanda ndiye shahidi.

"Mama," mmoja aliniambia kwa upole wa kuniudhi, "nani anapandaka lupango ya miti katikati ya shamba yake? Ni weye mwenyewe ulionyesha."

Basi nikawa nimejinyang'anya ardhi kwa mikono yangu. Lakini ardhi ningeisamehe. Jirani alisema sasa ua ni wa wote wawili, kwamba unaleta giza na kuficha wezi, na shefu akaamua usipite kiuno. Asubuhi iliyofuata mama alikuwa kwenye kiti chake aliposikia panga upande wa jirani. Majani yalianguka juu ya magoti yake. Alivuta kitenge kwa mkono ule mmoja akajifunika uso, akabaki hivyo hadi nilipomwinua.

Hakutoka tena. Nilimbembeleza, nikamkasirikia, Mungu anajua. Alikufa kiangazi kile kile, mle ndani, pazia limeshushwa.

Siku ya matanga jirani alikuja wa kwanza, macho mekundu, na akaleta bashe, turubai lake kubwa la sherehe. Yeye mwenyewe alipanda juu akaifunga kamba kwenye nguzo za balkoni yake, akaivuta hadi paa letu, uwanja wote ukawa chini ya kivuli. Watu walimsifu. Huku kwetu hufungi bashe uwanjani kama hakuna aliyekufa. Ningeifunga mama akiwa hai, watu wangeanza kuingia na kulia. Mama akalazwa chini yake, uso wazi, mdomo umepinda vilevile, na kutoka juu hakuna mtu aliyeweza kumwona.