Ndege wa Sijui

Mama Lebo jina hilo alipewa kazini, maana kwa miaka thelathini na moja alifunga lebo miguuni mwa ndege waliokaushwa wa jumba la makumbusho: jina, tarehe, mahali. Ole wake aliyekosea herufi! Droo zile alizijua kuliko kabati la vyombo vyake, na harufu ya naftalini, dawa ya kufukuza wadudu, ilikwenda naye nyumbani. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa kuchuna ndege na kuwajaza pamba. Ndege wake walitokeza vifua kidogo, kwa maringo. Mama Lebo akiwa peke yake aliwapapasa, akamkumbuka mpaka moyo ukamuuma.

Zikaja kompyuta, na kila ndege akatakiwa awe na mahali panapojulikana. Zamu ikafika kwenye droo ya ndege arobaini, wote kazi ya marehemu, wote wameandikwa: Mahali, Sijui. Mkuu wa idara, binti mwenye adabu zake, aliitafuta Sijui ramani nzima, visiwa navyo. Ofisi ikavunjika mbavu. Kisha akasema kwa upole kwamba ndege asiyejulikana alikotoka hana faida kwa sayansi, na Ijumaa wangechomwa.

Chai ilimshinda Mama Lebo. Miaka mingi nyuma, mkusanyaji ndege mmoja, mgeni wa lugha, alimuuliza msichana mtoni pale panaitwaje. Msichana alikuwa amekatazwa kuzungumza na wageni. Akajibu, “Sijui,” na mgeni akaandika vivyo hivyo. Fundi aliyefuatana naye alisikia, akauma midomo asicheke. Mwaka uliofuata alirudi kuposa, na utani huo ukawa wa wao wawili maisha yao yote.

Ijumaa asubuhi Mama Lebo alisimama mbele ya droo.

“Mwanangu, hawa usiwachome. Aliyeulizwa ni mimi.”

“Na ulikuwa hujui, mama?”

“Nilikuwa najua. Nilidanganya.”

Mkuu hakucheka. Alisogeza kiti kwenye kompyuta, akasema atatafuta kwenye ramani za zamani, akauliza pale panaitwaje. Kijiji kile kilihamishwa kupisha bwawa, maji yakafunika hata makaburi, na tangu mumewe afariki Mama Lebo hakuwa na mtu wa kulitaja naye jina la pale. Akalitaja. Mkuu, asije akakosea, akaomba herufi moja moja. Mama Lebo akamtajia polepole, machozi yakimtoka, asitake ziishe.