Theluthi Mbili za Koekelberg

Mwanangu, kuna Jumamosi moja haijanitoka akilini. Nilikuwa nimerudi Brussels kutoka Marekani na diploma ya sayansi ya siasa, niliyoisomea huku nikiosha vyombo hotelini, bila baba wala mjomba wa kunishika mkono. Tasnifu yangu ilihusu historia ya mikutano mikuu ya vyama vya kule, ile ya kuteua mgombea urais. Katika jumuiya yetu ya watu wa Katanga hakuna mwingine aliyekuwa na karatasi kama ile, na nilihakikisha kila mtu anajua.

Siku hiyo tulikuwa tunachagua rais wa jumuiya, katika ukumbi wa parokia huko Koekelberg. Kwa desturi wazee walishauriana, wakamtaja mtu, tukapiga makofi, tukala. Mimi nikasema huo ni ushamba. Nikawafundisha kwamba kila komini, yaani kila wilaya ya Brussels, itangaze kura zake kwa sauti, Ganshoren, kisha Molenbeek, na mshindi lazima apate theluthi mbili, kama chama kimoja cha Marekani kilivyotaka kwa miaka mingi. Walikubali kwa kuiheshimu diploma. Nikagombea, bila shaka.

Theluthi mbili hazikupatikana. Nusu walinitaka mimi, nusu walimtaka Papa Ilunga, dereva wa basi. Kufikia raundi ya saba watu wa miji miwili ya kwetu, Likasi na Kolwezi, walikuwa wanatupiana maneno, na wengine wamevaa makoti, wakisema wanakwenda kuanzisha jumuiya yao. Hapo nikaogopa. Jumuiya ile ndiyo iliyokuwa ndugu wa mgonjwa asiye na mtu hospitalini, na ndiyo iliyokaa na wafiwa.

Nikasimama kuwatuliza kwa elimu. Nikasema kuna mkutano mmoja kule uliopiga kura zaidi ya mara mia kwa sababu wagombea wawili walikwamishana, kwa hiyo tuvumilie. Maman Odette, aliyekuwa anatupikia bukari, ugali wa kwetu, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Papa diplomé, mu ile mara mia, nani alishinda? Mumoja wa bale babili ba kwanza?"

Nikamjibu hapana, alishinda mtu wa tatu.

"Na bale babili?"

"Walijitoa, maman."

"Bon. Bukari inapoa. Unangoja nini?"

Ukumbi mzima ulicheka, hata waliovaa makoti. Nami nilihisi nafuu ambayo sikuitarajia, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nikajitoa. Papa Ilunga naye akajitoa kabla sijamaliza kusema. Nadhani alikuwa anaomba nianze. Akatajwa Papa Kabwe, muuguzi mkimya aliyekuwa akitembelea wagonjwa bila kutumwa. Tukapiga makofi, tukala. Jumuiya haijagawanyika hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, elimu yako usiifiche; yangu nimeitundika sebuleni na wageni huisoma wapende wasipende. Lakini ukiwaletea watu utaratibu wa kwingine, waletee pia namna ya kuufungua unapokwama. Na ukiona jina lako ndilo limewakwamisha wenzako, liondoe mwenyewe, usingoje kuulizwa.

Mungu akujalie usome kunizidi, na kila uendako akupe mtu wa kukuambia ukweli mapema.