Nesi wa Usingizi

Picha ya kamera iliyo ndani ya bega inapogeuka nyekundu kwa damu, Dokta Polycarp huagiza dripu ya maji yanayoingia begani ipandishwe, yaisukume damu. Nesi wa usingizi hutazama presha kwanza, kisha humwinamia mgonjwa sikioni, maana yuko macho, bega tu ndilo limetiwa ganzi. Leo ni mzee wa Mngeta, na hofu imempandisha presha hadi picha imejaa damu.

“Shikamoo, baba. Mpunga umeiva?”

“Marahaba. Bado kidogo. Ndege wanatusumbua.”

“Leo nani anawafukuza?”

“Mama yenu. Anagonga debe huku anaimba.”

Kidole gumba cha nesi kinapapasa paji la mzee taratibu, kama kawaida yake. Presha inashuka, damu inapungua, picha inatakata. Dokta anainua kichwa, na nesi anaunyoosha mkono kwenye dripu, akidhani ataambiwa aipandishe.

“Iache hapo hapo,” dokta anasema. “Muulize huwa anaimba nini.”