Soksi Kabla ya Chupi

Nilirudi kutoka Doha na diploma yangu ya umeme, nikajenga nyumba ya kwanza yenye vigae kijijini kwetu Nabuyoga. Hakuna aliyenishika mkono. Basi muwasho ulipoanza kwenye kinena, nao nikataka kuutibu mwenyewe. Nusura univunjie ndoa.

Lilikuwa duara jekundu pajani, lenye magamba ukingoni. Huku mpakani, mwenye ugonjwa wa aibu hatibiwi upande wake, anavuka. Nilivuka Busia hadi upande wa Kenya, nisikojulikana, nikanunua krimu ambayo akina mama hujing'arishia uso. Muuzaji aliapa inatibu kila kitu. Kweli nikapoa. Nilipoiacha, duara likarudi na kusambaa hadi makalioni.

Mke wangu aliona ninavyojikuna, akahamia chumba cha watoto.

"Baba watoto, huko Uarabuni ulikuwa unalala na nani?"

"Na uchovu."

"Huo uchovu una jina?"

Nilimwambia twende wote Tororo, akasikie mwenyewe kwa daktari.

Daktari wa ngozi, mama asiye na maneno mengi, alikwangua magamba kidogo, akayatazama kwenye hadubini.

"Fangasi. Hii haihitaji mwanamke, sebo, bwana wangu. Inahitaji jasho tu. Vua viatu."

Katikati ya vidole vya miguu ngozi ilikuwa nyeupe, inabanduka. Ilikuwa hivyo tangu enzi za mabuti ya kazini.

"Chupi inapitia wapi unapoivaa? Kila asubuhi unaipandisha fangasi mwenyewe. Vaa soksi kwanza, ndipo chupi."

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. "Na diploma yote hiyo!"

"Diploma ni ya umeme, si ya chupi," nikamjibu.

Ile krimu ya Busia, daktari alieleza, ina steroidi: inaficha wekundu huku fangasi inanenepa. Alinipa dawa yenyewe, nipake kinena na miguu, nivuke kidogo ukingo wa duara, na niendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Nguo za ndani zianikwe juani. Kwetu mwanaume huzikausha nyuma ya mlango wa chumbani, mama yake asizione. Nilifunga waya mbele ya nyumba, ukanyooka kama kazi zangu zote. Mama alisimama akazitazama chupi zangu zikining'inia.

"Mwanangu, umefungua duka?"

Jioni ile mke wangu aliingia chumbani kwetu, akafunga mlango, akapandisha gauni. Pajani kwake kulikuwa na duara kama langu. Taulo letu lilikuwa moja.

"Nilidhani umeniletea ugonjwa wa kufa," alisema. "Niliogopa hata kupima."

Hakuwa ananikimbia mimi, alikuwa anakimbia jibu. Nikanawa mikono, nikachukua tyubu, nikampaka mwenyewe, nikivuka ukingo pande zote, sawasawa kama nilivyoelekezwa.