Gari Nililompimia Mama

Nilimpima mama yangu akiwa amelala. Kama wewe ni mtu wa kwetu, najua umeshashika kichwa, kwa hivyo wacha nijieleze kabla hujanifungia kitabu.

Kwetu Kasikeu mtu aliye hai hapimwi akiwa amelala. Anayenyooshewa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni ni yule anayengojewa na seremala, na uzi huo ndio seremala hupelekewa. Hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini siku hizo nilikuwa na gari kichwani, na mtu mwenye gari kichwani hana nafasi ya kitu kingine.

Magoti ya mama yalikuwa yamekataa kukunjika. Dada yake wa pekee anaishi Kiboko, naye ni mgonjwa wa kitandani, na hawakuwa wameonana tangu magoti yaanze ukaidi. Kila wakiongea kwa simu, mama anamwambia, "Niko njiani," halafu anakata simu na kuangalia miguu yake. Gari la abiria halina mahali pa mguu ulionyooka. Nikaamua nitaunda letu, gari la familia nzima, lenye kiti cha nyuma cha mtu kunyoosha miguu akaona barabara.

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Malili, kituo cha barabara kuu hapo karibu, kwangu ni ng'ambo. Lakini nilisoma mpaka kidato cha nne, na uchoraji wa kiufundi ndilo somo pekee ambalo mwalimu hakunicheka. Tulikuwa pia na stesheni wagon kuukuu ambayo kuku walikuwa wamehamia. Niliichora upya kwa majivu pale uwanjani, ikiwa ndefu kama ilivyostahili. Watoto wakakaa kwenye vigoda mahali pa viti, mke wangu akashika ungo wa kupepetea kama usukani. Aliniuliza kama breki ziko. Nikamwambia hizo ni za baadaye.

Kilichobaki ni urefu wa kiti cha mama. Mama alikuwa amelala mchana kwenye mkeka, kivulini mwa nyumba. Futi yangu ilikuwa imepotea, nikachukua uzi wa katani anaousokotea vyondo, vikapu vyake, nikaunyoosha kando yake toka utosini hadi kisiginoni, nikaukata kwa kisu. Akafungua macho. Akauangalia uzi, akaniangalia mimi.

"Umemaliza?"

"Bado upana," nikajibu.

Alikunja mkeka polepole. "Hilo gari lako, mwanangu, sitaliingia."

Nilidhani atasahau. Nikamwita jirani yangu, fundi wa kuchomelea, mtu mwenye mdomo usiofungwa hata kwa mashine yake. Tukalikata lile gari nyuma ya milango ya mbele, tukaunganisha na vyuma vya mraba, urefu kamili wa ule uzi. Paa tukaliinua ili mama asiiname. Ubavuni tukatia vioo virefu vya kabati la duka, visivyofunguka. Mke wangu akashona mapazia meupe ya lesi ya kuzuia jua. Rangi ilikuwa nyeusi, ile iliyobaki kwenye geti. Niulize jambo lolote katika hayo, nitalitetea. Shida ilikuja tulipolisukuma gari nje, likasimama juani likiwa limekusanyika lote pamoja. Jirani akavua miwani yake ya kazi, akalizunguka mara mbili.

"Sema basi," nikamwambia.

"Limetoka safi. Msalaba utauweka wapi?"

Injini ilipokubali kuwaka, nililitoa kwa majaribio Jumamosi asubuhi, siku ambayo nusu ya nchi hii iko kwenye mazishi. Njiani wanaume walivua kofia. Mama mmoja muuza machungwa alitua beseni lake akainamisha kichwa. Niliwapungia mkono, hakuna aliyenipungia. Kufika Malili, lori likanisimamia nigeuze. Maishani mwangu hakuna lori lililowahi kunisimamia.

Nikirudi nikatazama kioo. Nyuma yangu kulikuwa na gari limewasha taa mchana, na nyuma yake jingine, na jingine. Nikapunguza mwendo wanipite, nao wakapunguza. Nikakaza, wakakaza. Hakuna aliyepiga honi. Na mapazia, ndani ya vile vioo visivyofunguka, yalikuwa yanapepea.

Waliingia nami hadi uani. Milango ikafunguka bila kelele, watu wakashuka na nguo zao nzuri. Mama alikuwa kigodani akisokota katani. Mwanamke mmoja akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama. Ni nani ametuacha?"

Mama akalitazama gari, akawatazama.

"Nilifikiri ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Kumbe walikuwa wamesimama Malili wakingojea mwili wa ndugu yao kutoka Nairobi, na waliponiona wakajua umefika. Mzee wao akasema kwa vile wameshaingia boma la watu, si vizuri kutoka bila maombi. Wakaimba ubeti mmoja, sauti zao chini, wakimwangalia mama, kisha wakaondoka mbio kumtafuta marehemu wao.

Mama akajipangusa katani mapajani.

"Basi nimeshaliliwa," akasema. "Kesho unipeleke Kiboko."

Alikwenda miguu imenyooka kama malkia. Kila aliyetusimamia barabarani mama alimpungia kupitia lesi, na mwanamume mmoja alianguka na baiskeli yake. Kiboko, dada yake alikuwa ametolewa nje kwenye kiti. Kuliona gari tu akajifunika leso usoni, na boma zima likaanza kulia. Mama akagonga kioo kutoka ndani.

"Nifungulieni, nyinyi. Huku ni joto."

Walishikana mikono mchana wote, wakiongea kidogo sana. Nilikaa nje na gari. Hakuna mtoto aliyelisogelea.

Wakati wa kurudi tulipewa gunia la machungwa, na mama, amejilaza kitini utosi ukigusa chuma cha mbele, akaonyesha pa kuliweka: kati ya visigino vyake na mwisho wa kiti. Likatosha kabisa. Nilibaki nikiiangalia nafasi ile. Nikasema katani huvutika.

"Ule uzi niliusokota mimi," mama akasema. "Hauvutiki."

Jana nililala kwenye kile kiti kukaza misumari ya pazia upande wa chini. Utosi ukagusa chuma upande huu, visigino vikagusa upande ule, sawasawa. Jirani alikuwa amekuja kudai spana yake. Akainama, akanitazama kupitia kile kioo kirefu.

"Toka humo, jirani," akasema. "Mama yako anaelea humo kama harage kwenye debe. Wewe ndiye umetosha."