Bada ya Mama Mdogo

Juzi wenzangu wawili niliosoma nao Korogwe wamenitumia ujumbe. Wanakuja Tanga Jumamosi, hawajawahi kufika, na swali lao ni moja tu: "Mwenyeji, tule wapi?" Nikacheka. Swali hilo nililijibu zamani, nikiwa na miaka kumi, kabla sijaiona Tanga hata kwa picha. Nikainuka, nikachakura sanduku langu, nikatoa daftari la shule lililokatika pembe, lenye alama ya moshi kwenye jalada. Ukurasa wa katikati umeandikwa kwa penseli: SEHEMU ZA KULA TANGA. Chini yake namba, moja mpaka kumi na moja. Baada ya kumi na moja hakuna kitu. Kurasa nyeupe mpaka mwisho wa daftari.

Nilipoziona zile kurasa nyeupe, nikalifunga daftari. Ngoja nikuambie kwa nini, rafiki yangu, maana nikilinyamazia hili Jumamosi sitaweza kukaa mezani.

Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, kijijini, mwendo wa bodaboda kutoka Handeni mjini. Handeni unaijua? Jua. Vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye sukari. Maji tulichota lamboni, tukifika asubuhi tunawakuta ng'ombe wa Wamasai wameshatutangulia, tunasubiri tope litulie ndipo tuzamishe ndoo. Mahindi yalikubali mwaka mmoja, yakakataa miwili. Kwa hiyo bibi alilima muhogo. Tena si ule mtamu wa kutafuna mbichi, ule mchungu, kwa sababu mtamu ungeliwa wote na nguruwe pori na nyani. Mchungu hawaugusi. Wanyama wana akili.

Muhogo mchungu una kazi yake, na kazi yenyewe ni kungoja. Bibi alikuwa anaumenya, anaupasua, anauloweka kwenye nusu pipa siku tatu. Siku ya tatu anabonyeza kwa dole gumba. Dole likizama, unatoka. Lisipozama, unabaki. Halafu juani juu ya jamvi, mpaka ukigonga kipande kwa kipande vinalia kama vijiti vikavu. Hayo ndiyo makopa. Ndipo kinu, ndipo chekecheke, ndipo unga mweupe laini, ndipo bada. Wengine wanaita ugali wa muhogo. Sisi tunasema bada, inanata mkononi, inateleza na mlenda, na harufu yake ya uchachu kidogo mpaka leo nikiisikia namwona bibi amechuchumaa.

Maji ya kulowekea aliyamwaga mbali, kwenye shimo, anafunika kwa mawe. Mwaka mmoja mbuzi wa jirani aliyafikia. Nilimwona kwa macho yangu yule mbuzi. Miguu ilianza kutetemeka, ya nyuma kwanza, akakaa kama mtu, akawa anatuangalia. Hakuamka tena. Nilikuwa na miaka saba, nikaota huyo mbuzi wiki nzima.

Na kulikuwa na mtindo mmoja wa bibi. Kila unga mpya, mpishi anakula tonge la kwanza peke yake, na sisi wengine tunakaa tunamtazama, mikono tumeshanawa, mpaka kivuli cha paa kilipite jiwe la mlangoni. Kivuli kikishalivuka jiwe na mpishi hana neno, bibi anasema, "Haya, kuleni." Njaa inakuuma, mboga inapoa, nzi wanakuwahi. Mimi niliuchukia huo mtindo kuliko kuchota maji. Mimi si mtu wa kungoja, sikuwa wakati ule na sijawa sasa.

Basi mama mdogo akaja.

Mama mdogo ni kitinda mimba wa bibi. Alikuwa anauza kwenye duka la vitambaa Tanga, na alikuja na kanga mbili, sabuni ya kunukia, na mdomo. Jamani, mdomo! Jioni tukiwa jikoni alitulisha Tanga nzima bila sahani. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi Ngamiani. Mkate wa kumimina wa mwanamke mmoja anayeuza barazani kwake, ukichelewa saa moja umekosa. Kahawa na kashata. Bhajia za Wahindi zenye chatne ya ukwaju. Samaki wa kuchoma na pilipili ya ndimu. Supu ya pweza, bibi akatema mate pembeni, "Yule mdudu mwenye miguu yote ile?" na mama mdogo akamjibu, "Mama, ungeonja ungehamia." Mpemba anakula na Msambaa, Mwarabu na Mdigo, kila mtu na chungu chake na kila mtu anakula cha mwenzake. Mimi nilikuwa naandika kwa mwanga wa moto. Moja, mbili, tatu.

Siku ya tatu akapumua, akasema, "Vyote hivyo nakula, lakini bada ya hapa nyumbani sijaipata popote. Na keshokutwa narudi. Huu unga wenu umeisha kweli?"

Ulikuwa umeisha. Bibi ndiyo kwanza alikuwa ameloweka, jioni ile ile. "Utakula ukija tena," alimwambia. "Muhogo hauna haraka na mtu."

Mimi nilikuwa nayo.

Kesho yake alfajiri bibi akaenda gulioni. Mama mdogo akaenda kusalimia wazee wa upande wa pili wa kijiji. Nikabaki peke yangu na lile pipa. Nikabonyeza kwa dole gumba. Halikuzama. Nikabonyeza tena kwa nguvu, ukucha ukaingia, nikajiambia umezama. Nikachagua vipande vyembamba, nikavikata vyembamba zaidi, nikavianika juu ya bati lililokuwa linaunguza. Jua la Handeni unalijua, mpaka saa tano vilikuwa vikavu kabisa, vinalia. Nikatwanga huku nimefunga mlango. Unga ukatosha bada ya mtu mmoja. Jirani yetu, mama mmoja mpole mwenye watoto watano, alikuwa ametuletea bakuli la mlenda, kama kawaida yake akipika mwingi. Kila kitu kikawa tayari. Nilijiona mtu mzima.

Mama mdogo alirudi na jua la utosi, akaiona sahani, akapiga vigelegele peke yake. "Mwanangu, unga umeupata wapi?" Nikasema bibi alikuwa na akiba. Hakuuliza tena. Alikula yote, akapangusa bakuli kwa kidole. Kuna wakati alisema, "Ina uchungu kidogo, ee?" akajibu mwenyewe, "Nimezoea vya mjini." Mimi sikuonja. Mtindo wa tonge la kwanza sikuukumbuka hata kidogo. Nilikuwa namwangalia mdomo wake nangoja asifie.

Akaniambia, "Leta daftari. Andika namba kumi na moja: kwa mwanangu, Handeni." Nikaandika. Ndiyo maana naweza kukuonyesha.

Kivuli kilikuwa hakijafika hata kwenye jiwe alipokamata kichwa. Alisema kinamgonga. Akasema ngoja nilale kidogo. Halafu akatapika, halafu akatapika tena, na alipotaka kuinuka miguu ilianza kutetemeka. Ya mtu ina magoti mbele, lakini ilitetemeka vile vile kama ya yule mbuzi. Akakaa chini mlangoni, akawa ananiangalia.

Rafiki yangu, nimeshaogopa mambo mengi. Nimeogopa mitihani, nimeogopa basi la Korogwe lililokatika breki. Hakuna hofu inayofanana na ile. Nilijua. Katika uwanja mzima ule ni mimi peke yangu niliyejua, na nilifunga mdomo.

Nilichofanya ni kumwita jirani. Jirani akaita wengine. Bibi akatokea na kikapu chake kichwani, akakiacha kianguke. Watu wakauliza, kala nini? Mtu mmoja akaona bakuli. "Hili bakuli la nani?"

"Langu," jirani akasema. "Mlenda tu. Wanangu wameula huo huo, wale pale wanacheza."

"Wako wanacheza, wa mwenzio anakufa," mwanamke mmoja akasema.

"We mama, chunga mdomo wako!"

"Nichunge nini? Bakuli si hilo?"

Jirani akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Alichukua bakuli lake akalikumbatia kama vile watamnyang'anya. Na mimi bado kimya. Nilikuwa nafikiri, wakiamini ni mlenda, hakuna atakayejua. Nimekuwa nikiandika shajara tangu sekondari na sijawahi kuyaandika maneno hayo mpaka leo. Lakini ndivyo nilivyofikiri.

Bodaboda ikaja. Wakampandisha mama mdogo katikati, kichwa kimelala mgongoni kwa dereva, bibi nyuma anamshikilia. Dereva akauliza, "Wakituuliza hospitali, tuseme kala nini?" Bibi akasema, "Sema mlenda." Dereva akapiga kiki. Pikipiki ikakataa. Akapiga tena.

Mpaka leo naiombea dua ile pikipiki. Ingewaka mara ya kwanza nisingesema.

Nilishika upindo wa kanga ya bibi. "Bibi. Nimempikia bada."

"Unga gani?"

"Wa kwenye pipa. Ulilala usiku mmoja."

Bibi hakunipiga. Hakunitukana. Alinyoosha mkono tu. "Makopa yaliyobaki. Kimbia." Nikakimbia, nikaleta vipande viwili nilivyovificha chini ya kinu. Alikiweka kimoja ulimini, akakitema, akavifunga vyote kwenye ncha ya kanga. Kisha akamgeukia jirani, pale pale juu ya pikipiki, akamwambia, "Mwenzangu, nisamehe. Niangalizie huyu mtoto." Pikipiki ikawaka.

Jirani alinishika mkono akanipeleka kwake. Nilidhani atanifukuza. Alinipa uji, sikuweza kuunywa. Nilikaa kwenye kizingiti chake naangalia njia, kila vumbi likiinuka nasimama. Watoto wake waliniuliza kama mama mdogo atakufa, akawafinya. Jua likazama, likachomoza. Hakuja mtu. Nilikuwa nabonyeza magoti yangu kwa dole gumba, sijui kwa nini.

Siku ya pili mchana ndipo bibi alipokuja kuchukua nguo. Yuko hai, akasema. Akasema dereva aliwahi kutaja mlenda, muuguzi akaanza matibabu mengine kabisa, mpaka bibi alipofungua kanga. Zaidi ya hapo hakunieleza. Mama mdogo alirudi baada ya siku nne, amekonda, anatembea akishika ukuta, na Tanga alichelewa kurudi mwezi mzima. Duka likampata mtu mwingine. Hajawahi kunilaumu. Hata mara moja. Ingekuwa rahisi zaidi angenilaumu.

Sasa naishi kwake hapa Tanga, chumba na sebule, Chumbageni. Bibi tulimzika mwaka juzi. Nyumba ile imevunjwa, mjomba amejenga ya tofali, mlango umegeukia barabarani, na lile jiwe la mlangoni sikulikuta. Pipa walilitoboa wakapandia maua. Kijijini muhogo mchungu wanaolima ni wazee wachache, na vijana ukiwauliza siku za kuloweka kila mmoja anataja zake.

Hayo niliyaandika kabla ya Jumamosi; Jumamosi yenyewe ilikuwa jana. Asubuhi niliwapeleka wenzangu kwenye mahamri na mbaazi, namba moja ya daftari. Wakala, wakapiga picha. Mchana nilikuwa nimepanga samaki. Mama mdogo akasema hapana. Kuna sehemu mpya njia ya ufukweni, meza za mbao, miavuli mikubwa, wazungu na Waswahili, na kwenye ubao wameandika BADA NA MLENDA kwa chaki za rangi. "Twende pale," akasema. "Nimeitamani."

"Mama mdogo, pale si pazuri."

"Umeshawahi kula pale?"

"Sijawahi."

"Basi twende."

Chakula kilipoletwa niliinuka nikaenda jikoni. Mpishi alikuwa kijana mstaarabu, kofia nyeupe. Nikamuuliza muhogo wao unalala majini siku ngapi. Akanishangaa. "Dada, mimi sijui. Unga unakuja kwenye mifuko, umeshasagwa." Akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna.

Nilirudi mezani. Wenzangu walikuwa wameshanawa, mmoja ameshanyoosha mkono. Mama mdogo akaupiga kofi dogo. "Subiri wewe." Akanitazama mimi. Akachukua kijiko, akakilaza mezani, mbele kidogo ya ukingo wa kivuli cha mwavuli.

Nikakata tonge. Nikala.

"Mnatuombea dua?" mwenzangu mmoja akasema. "Bada inapoa, jamani!"

"Iache ipoe," mama mdogo akamjibu.

Tukakaa. Wenzangu walicheka, halafu wakachoka kucheka, wakaanza kuangalia simu zao. Kivuli kilitambaa polepole mno, sijui kivuli cha Tanga kina uvivu gani. Mama mdogo alikuwa ameweka mikono mapajani, safi, inakauka, na macho yake hayakuniacha. Kikafika kwenye mpini wa kijiko. Kikapanda. Kikashuka upande wa pili.

"Haya, kuleni," akasema, na sauti ilikuwa ya bibi kabisa.

Akamega tonge kubwa, akalizamisha kwenye mlenda, akala. Akamega lingine. Wenzangu wakaniuliza, vipi mwenyeji, ni tamu? Nikasema tamu sana. Lakini nilikuwa sijasikia ladha yoyote. Nilikuwa nimeinama kidogo chini ya meza, naangalia miguu ya mama mdogo.