Pistoni ya Jabez Tranter

Katika chumba cha michoro cha kiwanda kimoja cha magari, Coventry, Uingereza, kulikuwa na desturi iliyoheshimiwa kuliko ibada ya Jumapili. Mchoro wa majaribio ulibeba jina la aliyeuchora. Injini ikifaulu, mchoro ulinakiliwa upya na kutiwa jina la mhandisi mkuu, Bwana Garside. Ikivunjika, jina halikuguswa. Wakubwa waliita hiyo nidhamu. Wizi ni neno la watu wasio na ofisi.

Kwa hiyo, baada ya miaka kumi na mmoja, Jabez Tranter alikuwa baba wa kila mkono wa pistoni uliopinda na kila pistoni iliyopasuka kiwandani. Gari lililotembea, hakuwa nalo hata moja.

Mwaka 1912 alichora pistoni ya alumini, nyepesi ajabu. Kwa kuwa alumini ikipata moto hutanuka kuliko chuma, aliiachia nafasi ndani ya silinda. Safari hii alitaka jina lake libaki.

“Basi omba ivunjike,” mkewe Hepzibah alimwambia, akimkatia mkate.

Siku ya majaribio kulikuwa na baridi kali ya Februari. Injini iliwaka ikigonga kama masufuria yanayoporomoka ngazini.

“Mzee,” fundi Pickerill alipiga kelele, “umetuundia injini au umetuletea harusi?”

Bwana Garside aliingia ameziba masikio. “Nini hii, Tranter?”

“Bado ni baridi, Bwana. Ikipata moto pistoni itajaa, itanyamaza.”

“Nina miaka thelathini kwenye kazi hii. Kinachogonga hakinyamazi, kinavunjika!”

Akachukua kalamu, akaandika juu ya mchoro: *Kazi ya J. Tranter peke yake. Mimi simo.* Akatia sahihi, akaupeleka mwenyewe kwa wakurugenzi, wasije wakamshuku.

Injini ikazidi kupata moto. Kugonga kukafifia, kisha kukaisha kabisa. Mizani ya kupimia nguvu za injini ikapanda mpaka Pickerill akaigonga kwa kidole, akidhani imekwama.

Bwana Garside alirudi mbio. Ukimya ndio uliomleta.

“Imeshavunjika?”

“Inakwenda, Bwana,” Jabez alijibu.

Garside aliinama, akasikiliza, akatazama mizani. “Kalete ule mchoro.”

“Si umeupeleka juu mwenyewe, Bwana?” Pickerill alisema. “Na sahihi umetia. Nzuri kweli, hata mimi niliisoma kutoka huku.”

Hivyo pistoni ikaingia kwenye magari na jina la Jabez. Kila asubuhi ya baridi, kutoka Leeds hadi Plymouth, matajiri waliamshwa na kugonga kwa injini, wakaandika barua za matusi. Bwana Garside alihakikisha zote zinatua kwenye meza inayostahili. Jabez alizijibu moja moja kwa mkono wake, na chini ya kila jibu akatia sahihi kubwa kuliko ilivyohitajika.